Alama ya Gumba

Rangi ilianza kubanduka kwenye bilauri moja tu, tena kijisehemu kidogo, cha ukubwa wa gumba.

Dada mtu aliiona akanyamaza, maana gumba lilikuwa lake. Wivu ulikuwa unamla. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake kupamba vioo: osha kwa sabuni, futa kwa spiriti, shika kwa kitambaa, usiguse hata kwa ncha ya kidole, maana rangi na mafuta ya mkono havipikiki chungu kimoja. Kisha paka rangi, choma kwenye oveni, uache ipoe humo humo. Sasa wateja wakiingia karakanani wanamuuliza yeye, "Yule mdogo yupo?" Basi siku ile, mwenzake alipogeuka, alibonyeza gumba kwenye bilauri iliyokwisha kufutwa, akanong'ona, "Zisishike. Hata moja."

Kuna kitu kilimsikia.

Kesho yake bilauri sita zilibanduka rangi, naye hakuzigusa. Keshokutwa, rafu nzima. Karakana ikanuka kucha zilizoungua, na kila oveni ilipopoa ndani yake mlikwaruza kidole, polepole, mpaka mchana mmoja dada akainama kuchungulia kwenye kioo cha mlango wa oveni, akaona gumba jeupe limejibandika kwa ndani, halina mkono nyuma yake, likipanda taratibu hadi likasimama usawa wa jicho lake, na sauti nyembamba ikamwambia, "Ulianza wewe. Mimi naendeleza tu."

Mganga aliitwa. Alifukiza, akasoma, akasema jini limetoka humo ndani. Hakusema limekwenda wapi. Harufu ikakata, rangi zikashika kama zamani, na dada akashindwa kukaa na siri yake.

"Ni mimi, mdogo wangu. Nilikuonea wivu."

Machozi yalimtiririka mdogo mtu. "Ungeniambia tu, dada. Ningekuachia hao wateja wote."

Dada aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Akamvuta karibu, akamfuta chozi shavuni kwa gumba, kama alivyozoea tangu wakiwa watoto.

Asubuhi mdogo mtu alikuja kazini akijikuna. Pale shavuni ngozi ilikuwa imeinuka, nyembamba, haina damu, umbo la gumba.

"Dada, hebu nishikie hapa, kuna nini?"

Dada alificha mikono nyuma ya mgongo. Harufu ya kucha zilizoungua ilikuwa imerudi, na ilitoka vidoleni mwake.