Kihispania cha Kuandikiwa

Kila Jumatano, kengele ya mwisho ikilia, wenzetu hushika njia zao za kwenda nyumbani. Sisi kumi na wawili wa Kihispania hubaki na Mwalimu Jael. Mimi huketi mbele. Dama huketi dirishani, nami, niseme kweli, nilikuwa simpendi hata kidogo.

Kwa nini? Kwa sababu kabla hajahamia shule yetu, wa kwanza nilikuwa mimi. Akaja huyu na maswali yake. "Mwalimu, mbona hivi? Mwalimu, mbona vile?" Ah, alinichosha!

Muhula huo tulikuwa tukijifunza kusimulia mazoea ya zamani, yale ambayo kwa Kiswahili tunasema "alikuwa akiuza" au "walikuwa wakicheza". Mwalimu akatupa kazi.

"Kila mmoja amuulize nyanya au babu yake alivyokuwa akiishi utotoni, kisha Jumatano ijayo atusimulie kwa Kihispania. Atakayeshinda ndiye atakayewasimulia wanafunzi wageni kutoka Uhispania, Ijumaa yake, pale Ngomeni, kwenye ngome ya kale."

Nafasi ilikuwa moja tu. Nikaapa haitakuwa ya Dama.

Nyanya sikumuuliza chochote. Nilimwendea kaka yangu Faiz, ambaye sasa yuko Shimanzi kwenye makontena ya bandarini, lakini zamani alifanya kazi melini pamoja na Wahispania. Akaniandikia ukurasa mzima kuhusu nyanya aliyekuwa akioka mikate ya sinia.

"Lakini maana yake uijue, Sheikha," akaniambia.

Nikamwitikia tu. Nikaihifadhi karatasi ile kama tunavyohifadhi Kurani chuoni: kwa sauti, kwa mwendo, mstari baada ya mstari, na nikikwama narudi mwanzo.

Jumatano ikafika, nikasimama mbele ya darasa. "Cuando mi abuela era niña..." Yaani, kama nijuavyo sasa, nyanya yangu alipokuwa mtoto. Maneno yakatiririka. Nilipofika katikati, Mwalimu akainua mkono, akaniuliza swali kwa Kihispania.

Sikuelewa hata neno moja. Nikafanya nilivyozoea nikikatizwa: nikarudi mwanzo. "Cuando mi abuela era niña..." Mwalimu akauliza tena. Nikarudi mwanzo tena. Darasa likaangua kicheko, na mwenzetu Charo akashika mbavu.

Uso ukaniwaka moto. "Ni Dama!" nikapiga kelele. "Ananifanyia vituko makusudi nisahau!"

"Mimi?" Dama akaruka kutoka kitini. "Muongo mkubwa! Hata kukutazama sijakutazama!"

"Muongo ni wewe! Tangu uje hapa una husuda!"

"Basi, nyamazeni!" Mwalimu akagonga meza. "Dama, kangoje nje. Nikithibitisha ni kweli, leo husimulii."

Dama akatoka, karatasi yake ameifinya mkononi, macho yamejaa machozi ya hasira. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, na sasa naona haya kulisema.

"Haya, wa kukusumbua hayupo," Mwalimu akaniambia. Akarudia swali lake polepole, neno kwa neno.

Ule mwanzo ukanijia ulimini, nikaumeza. Nje ya dirisha nilimsikia Dama akilia kwa kwikwi, na furaha yangu yote ikaniisha.

"Mwalimu," nikasema, "Dama hakufanya kitu. Na hadithi hii aliniandikia kaka yangu. Mimi hata maana yake siijui."

Afadhali angenifokea. Akanituma nimwite Dama na kumwomba radhi mbele ya wote. Nikamwomba.

"Radhi zako kaa nazo," Dama akajibu.

Kisha akasimama, akatusimulia jinsi nyanya yake alivyokuwa akishona makuti kule Kaloleni. Alikwama, akakosea, akajirekebisha. Mwalimu alipomuuliza nyanya alikuwa akimaliza makuti mangapi kwa siku, Dama alifikiri kidogo, akajibu. Nafasi akapewa yeye, na ilikuwa haki yake.

Ijumaa, wageni walimpigia makofi. Mimi nami nilipiga hadi viganja vikauma. Dama akanipita kama hajaniona.

Nikamfuata Mwalimu. "Mwalimu, nimemwomba radhi mara tatu, bado hanisemeshi!"

"Ulitaka akukumbatie?" akaniuliza. "Kuhifadhi si kosa, Sheikha. Lakini ulichukua jasho la kaka yako ukasema ni lako, na aibu ilipokujia, ukambebesha asiyekuwamo. Kuomba radhi ni wajibu wako. Kusamehe ni hiari yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nakuambia njia ya kurudi kuaminiwa ni ndefu. Anza leo."