Rimoti Kwenye Mfuko wa Koti

"Renata, mbona mikono inakutetemeka wewe, wakati mwenye mtihani ni mimi?"

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye korido ya bunge la jimbo, Harrisburg, nakaza skrubu ya mwisho ya mkono wa roboti uliofungwa ubavuni mwa kiti cha magurudumu cha Desmond. Skrubu ikanidondoka mara ya pili.

"Baridi," nikasema.

"Baridi gani humu ndani? Mimi sisikii kitu kuanzia mabegani kwenda chini, na bado naona joto."

"Desmond, nyamaza nimalize."

"Haya, Injinia. Nimenyamaza." Akanyamaza sekunde tatu. "Umependeza lakini."

Jamani, huyu mwanaume! Kama angejua kilichokuwa kwenye mfuko wangu wa koti, wala asingenitazama.

Desmond Tillery alivunjika shingo akiwa na miaka ishirini, alipojirusha mtoni kuogelea huko kwetu Pittsburgh. Kichwa anageuza mwenyewe, kiti anakiendesha kwa kidevu, na mdomo ndio usiseme. Ana miaka kumi na moja anazunguka jimbo kupigania haki za watu wenye ulemavu. Mimi nilikuwa natengeneza roboti za kupanga maboksi ghalani, mpaka siku alipoletwa kutembelea maabara yetu akaniuliza mbele ya watu, "Dada, roboti yako inabeba kilo ishirini. Inaweza kunikuna pua?"

Nilicheka. Usiku sikulala. Wiki ileile nikaomba kuhama kitengo nikaanza kumtengenezea mkono, na baada ya miezi minne nikawa silali kwa sababu nyingine kabisa.

Siku hiyo kamati ya bunge ilikuwa inasikiliza maoni juu ya sheria ya kuzilazimisha bima zilipie mikono kama ule. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Desmond alipanga ale mbele yao pierogi moja, kati ya vile vimfuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini, na siagi juu, alivyopika bibi yangu asubuhi. Mkono unafuata kofia aliyovaa. Akiinamisha kichwa kulia, unakwenda kulia. Akiuma meno, vidole vinabana uma.

Simu yangu ikatetemeka kwa ujumbe. Bosi.

"Rimoti unayo? Fanya kama wiki iliyopita. Wafadhili wanatazama moja kwa moja mtandaoni. Usituaibishe."

Nikazima kioo haraka.

"Nani huyo?"

"Bosi. Anatutakia heri."

"Leo kaamkia upande gani huyo mzee!" Desmond akacheka. "Sikiliza, nimebadilisha hotuba. Nitaanza na siku ile ya wafadhili. Nitasema, wiki iliyopita nilimlisha mwanamke ninayempenda kwa mkono wangu. Unaonaje?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikaishika rimoti.

Siku ile ya wafadhili, kuwa na rimoti mfukoni halikuwa jambo la ajabu. Katika kazi yetu kila fundi anayo siku ya maonyesho, tunaiita ya dharura, ya kuuendesha mkono ukikwama. Shingo ya Desmond ilichoka, mkono ukaanza kuyumba, supu ikamwagika mezani. Wafadhili wakatazamana. Nikabonyeza. Mkono ukatulia, ukampelekea vipande vya mkate mdomoni moja kwa moja. Watu wakapiga makofi! Halafu yeye, kwa furaha, akasema anataka kunilisha mimi kipande kimoja. Nikafungua mdomo huku kidole kiko mfukoni. Nikajilisha mwenyewe, yeye akiamini ananilisha.

Alilia mbele ya watu wote.

Jioni ile akaniambia, "Sikuwahi kukuomba unioe, au nikuoe, sijui nani amuoe nani, kwa sababu sikutaka uolewe na mtu wa kulishwa tu. Sasa hata mimi naweza kukulisha. Renata, tuoane."

Nikamwambia nipe muda. Alidhani naogopa kiti chake.

"Unaonaje?" akauliza tena. "Au nisikutaje? Unaona haya?"

Mlango wa kamati ulikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokuwa. Ningenyamaza, kila kitu kingekwenda sawa. Sheria ingepita, bosi angefurahi, ningeolewa. Ningelala kila siku na rimoti ile kichwani.

"Usiseme hivyo humo ndani," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Si kweli."

"Nini si kweli? Kwamba nakupenda?"

"Kwamba ulinilisha." Nikatoa rimoti mfukoni, nikamwonyesha. "Mkono ulianza kuyumba. Nikauendesha mimi."

Akaitazama. Kisha akanitazama.

"Kuanzia kipande gani?"

"Desmond..."

"Nimeuliza, kuanzia kipande gani?"

"Baada ya supu kumwagika."

"Na chako?"

Nikaigeuza rimoti kiganjani.

"Renata, na kile chako?"

"Vyote niliviendesha mimi."

Mhudumu wa bunge akapita na mafaili, akatusalimu. Desmond akasubiri apite.

"Unajua nimelishwa na watu wangapi?" Desmond akasema taratibu. "Wananifuta mdomo kama meza. Wananiamulia nimeshiba. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kabla ya kunigusa. Mtu wa kwanza! Ndiyo maana nikakupenda, si kwa sababu ya hizo skrubu zako."

"Niliogopa utaaibika."

"Mimi au maabara?"

"Wewe! Walikuwa wanakutazama vile..."

"Mimi hutazamwa vile kila siku nikienda kununua kahawa! Ningemwaga supu mpaka kwenye viatu vyao, ingekuwa supu yangu." Macho yalikuwa yamemjaa na hakuwa na namna ya kuyafuta. "Nilikuomba uchumba kwa sababu ya kile kipande, Renata."

"Najua."

"Ulijua, ukaniacha wiki nzima."

"Nisamehe. Nakupenda mpaka nimekuwa mjinga."

Mlango ukafunguliwa. "Bwana Desmond Tillery!"

"Desmond, sema kitu basi. Utafanyaje humo?"

"Nishikie mlango," akasema.

Nikaushika. Akapita bila kunitazama.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mwenye nywele nyeupe na miwani ya kamba. Akawasha kitaa cha kuhesabia muda, kikawaka kijani. "Bwana Tillery, dakika tatu."

"Ahsante, Mheshimiwa. Wiki iliyopita mkono huu ulimwaga supu, kisha ukanilisha mbele ya matajiri bila kosa. Walipiga makofi. Nimejua sasa hivi, hapo nje, kwamba haukuwa unaendeshwa na mimi." Mwenyekiti akainua kichwa. "Injinia wangu alikuwa na rimoti. Injinia, tafadhali njoo uiweke mezani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Miguu ilinipeleka tu. Nikaiweka pale chini ya kamera, nikarudi nyuma na kusimama ukutani.

"Sasa tazameni," akasema.

Akainamisha kichwa. Mkono ukanyanyuka, ukapita bakuli lililokuwa kwenye trei ya kiti chake, ukarudi. Uma ukakosa. Ukakosa tena. Mara ya tatu ukachoma pierogi ukainua. Shingo yake ilikuwa inatetemeka, mshipa umemtoka. Kitaa kikawa cha njano. Vidole vyangu vilikuwa vinabonyeza hewa ndani ya mfuko mtupu.

Uma ukafika kidevuni, pierogi ikamdondokea kifuani. Kitaa kikawa chekundu.

"Muda wako umekwisha, Bwana Tillery," mama akasema, kwa huruma kidogo.

"Mheshimiwa, sijasema kitu, nilikuwa nakula."

Watu wakaangua kicheko.

"Kabla ya mkono huu, mara ya mwisho kudondosha chakula nilikuwa na miaka ishirini," akaendelea. "Tangu hapo wengine ndio hudondosha, mimi hufutwa. Hiki nimekidondosha mwenyewe. Sikuja kuomba mashine isiyokosea. Nimekuja kuomba niwe nakosea mwenyewe, kama nyie."

Mama akavua miwani. "Vimebaki vingapi kwenye bakuli?"

"Vitatu."

"Basi endelea. Tunasubiri."

Walisubiri, wallahi. Dakika sita watu wazima na suti zao wanamtazama mtu anakula. Cha pili kilidondoka. Cha tatu kikaingia mdomoni. Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliandika kitu kwenye karatasi, akasema kura itapigwa mwezi ujao, akamshukuru, akamwita msemaji mwingine.

Kwenye korido bosi akatuma ujumbe. "Kesho saa mbili ofisini kwangu. Njoo uchukue vitu vyako." Nikaizima. Ya kesho ni ya kesho. Mimi nilikuwa namtazama Desmond, aliyekuwa amesimamisha kiti chake dirishani, amenipa mgongo.

Nikamfuata.

"Una jibini kidevuni," nikasema. "Nikufute?"

Akatazama watu saba wakipita nje ya dirisha.

"Leo umeuliza," akasema. "Futa."

Nikamfuta.

"Siku nyingine ukiona nayumba?"

"Nakuuliza."

"Nikisema niache?"

"Nakuacha uyumbe."

"Hata mbele ya bosi wako?"

"Sidhani kama bado nina bosi."

Akanigeukia. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mlangoni, na nikaanza kulia kama mtoto.

"Kimebaki kimoja kwenye bakuli," akasema. "Piga magoti. Fungua mdomo. Ukisogeza kichwa hata kidogo kuja kunipokea, naondoka na hiki kiti mpaka Pittsburgh."

Nikapiga magoti, mdomo wazi, katikati ya bunge la jimbo. Wabunge wanapita, wananikwepa. Uma ukaja, ukanigonga shavu. Ukarudi. Ukanipaka siagi puani. Shingo yake ikatetemeka, na yangu ikaniuma kwa kujizuia. Sikusogea.

Kikaingia.

"Kimepoa," nikasema mdomo umejaa.

"Na jibu langu?"

"Jibu gani?"

"Wewe!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tuoane. Tutajua huko mbele nani amuoe nani."

Akacheka mpaka kiti kikatikisika. Kisha akatulia.

"Una siagi puani," akasema. "Nikufute?"

"Nifute."

Akainamisha kichwa, na mkono ukaanza safari yake upya, ukiyumba.