Simu Iliyojaribiwa Ngazini

Kila alipotoka shule, Vicky alipita katikati ya mikokoteni na machinga wa Kariakoo, mkoba ameukumbatia kifuani, mpaka kwenye jengo ambalo duka la mama yake lilikuwa chini kabisa, shimoni. Huko mama yake, Euphrasia, aliuza nyuzi, zipu na vifungo kwa mafundi cherehani. Kodi ya shimoni ilikuwa ndogo, na sababu ilionekana wazi. Hapakuwa na dirisha, hewa ilikuwa ya kugawana, na simu hazikushika mtandao hata kidogo.

Kwa hiyo simu ya mama ilikaa juu, kwa Anti Mgeni, muuza chai aliyeweka meza yake kwenye mlango wa ngazi. Ikiita, Anti Mgeni aliipokea, akainama na kuita, "Mama Vicky, unatafutwa." Mama aliacha wateja, akapanda ngazi kumi na mbili akihema. Waliishi hivyo miaka mitatu, na hakuna aliyelalamika mpaka Hillary alipougua.

Hillary, mdogo wake Vicky, alikuwa na miaka sita. Moyo wake ulikuwa na tundu, na akicheza kidogo tu midomo yake iligeuka rangi. Hakuweza kwenda shule, hivyo alishinda dukani, amekaa juu ya maboksi ya nyuzi akipanga vifungo. Hospitali ilikuwa imemwandika kwenye orodha ya watoto wanaosubiri upasuaji. Muuguzi, Sista Severa, alimweleza mama bila kuzunguka: "Kitanda kikipatikana tutakupigia. Tusipokupata, tunampigia mwingine. Namba hii isikosekane."

Mara mbili Anti Mgeni alikuwa amekwenda kuchota maji, simu ikaita mpaka ikakata. Waliopiga walikuwa wateja tu, lakini mama alianza kukosa usingizi. Mwaka ule watu walikuwa wameanza kuruhusiwa kuhamia mtandao mwingine bila kubadili namba, na majirani walimwambia upo mtandao unaofika hadi shimoni. Tatizo ni kwamba mtandao huo haukuingia kwenye kitochi chake cha vitufe. Ilibidi anunue simu janja, na wa kumchagulia alikuwa Vicky, mwanafunzi wa darasa la saba na fundi wa simu wa ukoo mzima. Cheo hicho alijipa mwenyewe, ila hakuna aliyekibishia.

Jumamosi asubuhi Vicky alikwenda kwenye duka la simu la Mzee Champaklal, jengo la pili kutoka kwao. Mjukuu wa mzee, Krina, alikuwa rafiki yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Vicky. Mama yako amekwisha kunieleza." Mzee aliweka simu mbili juu ya kioo. "Bei yake ni moja. Chagua."

Ya kwanza ilikuwa nyeusi na nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ya pili ilikuwa nyembamba, rangi ya dhahabu, na kamera yake ya mbele ilimwonyesha Vicky sura yake safi kuliko kioo cha nyumbani. Papo hapo alijiona kwenye mahafali, darasa zima limemzunguka, yeye ndiye anayepiga picha.

"Babu, hii ya dhahabu si ndiyo mpya?"

"Ni mpya, ndiyo. Lakini baadhi ya simu hazishiki vizuri mawimbi yanayofika chini. Juu zinafanya kazi, shimoni sina hakika." Mzee alimkabidhi zote mbili. "Nimeziwekea laini za mtandao unaofika shimoni. Nenda ukasimame pale pale mama yako anaposimama, nyuma ya kaunta. Krina atakupigia kutoka hapa. Ikiita pale, chukua. Isipoita, nirudishie, hata ingekuwa ya dhahabu kweli."

Shimoni kulikuwa na wateja watano, na mama alikuwa akipima zipu kwa mkono huku akijibu maswali kwa mdomo. Vicky alijipenyeza nyuma ya kaunta. Simu nene iliita mara moja.

"Mambo?" Krina aliuliza.

"Poa. Sasa piga ile nyingine."

Simu ya dhahabu ilinyamaza. Vicky aliiinua juu ya kichwa, akaisogeza kulia, kushoto, kimya. Alitoka nayo mlangoni, kimya. Alipokanyaga ngazi ya tatu kuelekea juu, iliita.

"We, nimepiga mara nne," Krina alisema. "Uko wapi?"

"Dukani."

"Chini kabisa?"

Vicky aliutazama mguu wake juu ya ngazi. "Chini, ndiyo."

Sauti ya mama ilitoka ndani, juu ya vichwa vya wateja. "Vicky, hiyo inashika?"

"Inashika, mama."

Alijiambia kuwa huo haukuwa uongo, kwa sababu ngazi ya tatu nayo ni shimoni. Lakini moyo ulimdunda, na mtu anayesema kweli hadundwi na moyo kiasi kile.

"Basi chukua unayoiamini," mama alisema. "Mimi mambo ya simu siyajui, nakutegemea wewe."

Vicky alimrudishia mzee ile nene, akabaki na ya dhahabu. Mchana ule mama alikwenda kwa wakala na kitambulisho chake, na kabla ya jioni namba ilikuwa imehama. Wakala alimwonya kwamba hawezi kuhama tena mpaka mwezi upite. Mama alicheka tu, kwani ahame tena aende wapi?

Jumatatu asubuhi, nyumbani, mama aliitia simu kwenye mfuko wa aproni. "Mgeni nimempumzisha," alisema. "Leo nashinda na simu yangu mwilini."

Vicky aliutazama mfuko ule. Hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Zamani simu ilikaa juu, ikaita, ikapata wa kuipokea. Sasa itashinda chini, bubu, na mama atakaa kwa amani akidhani hakuna aliyepiga.

"Mama..."

"Nini tena?"

"Hakuna kitu. Nachelewa shule."

Siku nzima hakuambulia neno la mwalimu. Kengele ilipolia alikimbia mpaka Kariakoo, akashuka ngazi mbili mbili. Mama alikuwa na furaha.

"Leo simu imetulia, haijaita hata mara moja. Nimefanya kazi vizuri."

"Nipe nikuwekee mlio mzuri," Vicky alisema, na kabla hajajibiwa alikuwa ameichukua na kupanda nayo hadi mezani kwa Anti Mgeni. Simu ilianza kutetemeka mkononi mwake. Taarifa ziliingia moja baada ya nyingine: amepigiwa saa nne, saa nne na nusu, saa tano, saa sita, saa saba. Namba ni ile ile. Kisha ukaingia ujumbe: *Mama Hillary, kitanda kipo. Mlete mtoto kabla ya saa kumi. Hupatikani. Sista Severa.*

Ilikuwa saa tisa na robo. Vicky alishuka akipiga kelele, na mama alipousoma ujumbe rangi ilimtoka.

"Mbona umeingia sasa hivi?"

"Mtandao umechelewesha," Vicky alijibu, na uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Walifunga duka na kukodi teksi kwenda hospitali, upande wa Posta, mama akipiga namba ile bila kupokelewa. Foleni iliwanasa kabla hawajafika mbali. Magari yalisimama, madereva wakazima injini, lakini saa haikusimama. Mama alimlipa dereva, akashuka, akambeba Hillary mgongoni na kuanza kukimbia. Vicky alitangulia akiomba njia kati ya wapagazi na mikokoteni, na nyuma yake alisikia mama akisema kwa pumzi iliyokatika, "Tunafika, mwanangu. Tunafika."

Walifika saa kumi na dakika ishirini. Sista Severa aliwatazama, akaweka kalamu chini.

"Kitanda nimempa mtoto mwingine, mama. Wazazi wake walikuwa wamesubiri hapo kwenye benchi. Nimekupigia mara tano."

Mama alikaa chini, sakafuni, Hillary bado yuko mgongoni. Hakulia.

"Kuna kingine kinaweza kupatikana wiki hii," Sista Severa alisema kwa upole. "Lakini ukikosekana tena, daktari atamshusha Hillary mwisho wa orodha. Nataka kuandika hapa kwenye faili: simu hii inapatikana mnapofanyia kazi, au haipatikani?"

"Inapatikana," mama alisema. "Leo ni mtandao tu ulichelewesha. Simu yenyewe binti yangu aliijaribu pale pale dukani, mwenyewe."

Sista Severa alichukua kalamu. Vicky aliitazama ikiinama kwenye karatasi. Alimtazama mama aliyekuwa akimtetea.

"Haipatikani," alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Sikuijaribu dukani. Ilikataa. Niliijaribia kwenye ngazi, ikashika, nikasema inashika. Nilitaka ile ya kamera nzuri." Alimkaribia mama. "Na leo mtandao haukuchelewesha. Nimedanganya mara mbili. Ni mimi, mama."

 Mama alimgeukia muuguzi. "Sista, usiandike namba yangu peke yake. Andika na ya Mgeni, muuza chai, yeye yuko juu. Mpaka nitakapobadilisha simu."

 Walipofika Kariakoo, mama aliiweka simu ya dhahabu mkononi mwake. "Nenda kwa mzee. Umweleze mwenyewe, yote."

Kwenye ukuta wa Mzee Champaklal palikuwa na bango: *Simu ikishafunguliwa hairudishwi.* Vicky alisimama chini ya bango hilo akaeleza yote, mpaka ile ngazi ya tatu. Krina alimsikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Simu haikukosea," mzee alisema hatimaye. "Wala mimi sikukosea. Unajua hilo?"

"Najua, babu."

"Nitaiuza kama iliyotumika. Jumamosi mbili utakuja kufuta kabati hizi za kioo na Krina. Sasa chukua ile nyeusi, nami nakuja nawe. Safari hii nasimama nyuma ya kaunta mimi mwenyewe."

Jumatano, saa tano asubuhi, simu nene iliita nyuma ya kaunta. Mama aliipokea akiwa amesimama kati ya zipu zake. Kitanda kilikuwa kimepatikana.

Upasuaji ulipangwa Ijumaa. Alfajiri ile mama alikwenda kuoga, Vicky akabaki kando ya kitanda. Mama aliporudi, Sista Severa aliingia na faili.

"Mtoto hajaweka kitu mdomoni tangu usiku?"

Mama alifungua mdomo kujibu, akaufunga. "Muulize dada yake. Ndiye aliyekuwa naye."

Vicky alihisi macho yote yako kwake. "Aliamka analia kiu saa kumi na moja," alisema. "Nilimpa maji, mafunda mawili. Sikujua kama hairuhusiwi."

 Sista Severa alitazama saa yake, akaandika. "Basi tutasogeza mbele, ataingia saa tatu. Mtoto akilazwa usingizi wa dawa na maji yako tumboni, yanaweza kumpalia, yakaingia mapafuni. Umefanya vema kusema."

Saa saba mchana daktari alitoka na kuwaambia kuwa tundu limezibwa na Hillary anapumua vizuri. Ndipo mama alipolia. Alilia mpaka akamaliza, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akamvuta Vicky karibu yake kwenye benchi.

"Sikuchukia kwa sababu ulipenda simu nzuri," alisema. "Hata mimi napenda vitu vizuri. Nilichukia kwa sababu nilishinda chini kule bila wasiwasi, nikitegemea neno lako, na neno lako halikuwa na kitu ndani. Mtu akikuuliza jambo, ujue anataka kulifanyia kazi jibu lako. Kama hujui, sema hujui. Kama umeharibu, sema siku ile ile, hata ukiogopa."

"Nilichelewa kusema, mama. Kitanda cha kwanza kilikwenda."

"Kilikwenda, na hilo nalo usilisahau. Lakini asubuhi ya leo hukuchelewa."

Mlango ulifunguliwa. Sista Severa alisema mtu mmoja tu anaruhusiwa kuingia kwanza, na akitoka aje awaeleze wengine hali ya mtoto. Mama aliinuka, kisha akakaa tena.

"Nenda wewe," alimwambia Vicky. "Utakachoniambia, nitakiamini."