Nyuzi za Bluu Kwenye Nywele za Mwanangu

Kufuli! Kufuli kubwa mlangoni kwangu, saa nne asubuhi... na mwanangu hayupo!

Jamani, nisikilizeni. Mwanangu ana mwaka na nusu. Nilimwacha na mama mkwe, kama kila siku tangu kiwanda cha nguo kifunguliwe na mimi nikapata cherehani. Siku hiyo umeme ulikatika, tukarudishwa nyumbani.

Napiga simu, mama mkwe hapokei.

Na dalili nilikuwa nazo! Wiki mbili mtoto analala na nyuzi za bluu nyweleni. Mimi nashona kola za mashati meupe tu. Bluu ni ya ovaroli, zinashonwa jengo la nyuma la kiwanda.

Nilipouliza, mama mkwe alicheka.

"Si unazileta wewe mwenyewe, mwanangu?"

Kicheko kile... hapana!

Shoga yangu wa cherehani ya jirani ndiye aliyenijaza maneno.

"Huyo anakutafutia sababu uache kazi. Mtoto akipatwa na jambo, lawama kwako!"

"Acha hizo, bwana..."

"Haya. Utaniambia."

Nikaamini, wapenzi. Nilisomea ushonaji madarasa ya jioni, tumbo la mimba likigonga meza. Leo nashika hela yangu mwenyewe, halafu iniponyoke hivi hivi?

Nikazikumbuka zile nyuzi za bluu, nikakimbia hadi jengo la nyuma. Milango ilikuwa wazi kupata mwanga, maana kazi ya mkono haingoji umeme.

Wanawake sita, mikasi mikononi, wanapunguza nyuzi zilizoning'inia kwenye ovaroli. Katikati, juu ya rundo la nguo, mwanangu kalala fofofo!

Na aliyekaa pembeni yake na mkasi... mama mkwe!

"Mama! Mtoto kwenye mikasi?!"

Akainuka taratibu, akaweka mkasi chini.

"Nigombeze. Una haki."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeuliza mtoto abaki na nani. Na mimi ningenyamaza, kama miaka yote. Nimelea wanangu saba, nikalea wajukuu. Kiwanda kimekuja nina hamsini na mbili... Nikasema na mimi nionje."

Nikamnyanyua mwanangu, nikampakata.

Mama mmoja akadakia, "Na anatushinda wote kwa kasi, bibi huyu!"

Tukacheka, machozi yanatutoka.

Ila mtoto kwenye mikasi nilikataa katakata. Sasa anashinda kwa jirani yetu, muuguzi mstaafu. Tunamlipa watatu: mimi, mama mkwe na baba mtoto, japo yeye alinuna wiki nzima.

Asubuhi natoka na mama mkwe, tumeshikana mikono, yeye ndiye anayeniharakisha.

Kiwanda kilipofunguliwa, watu wote waliniuliza kama nimeomba kazi. Yeye hakuulizwa na mtu. Hata mimi niliyesoma, mikono yake niliiona ni ya kumbebea mwanangu tu. Dada zangu mnaotoka kila asubuhi, muulizeni anayebaki.

Nilidhani anataka kazi yangu ife.

Kumbe alikuwa anataka kazi, basi.