Pasi Juu ya Jina la Mtoto

Binti yangu Bertila alipiga pasi karatasi ya shangazi yake, ikaharibika, akaficha.

Hapa Sanyuanli, mtaa wetu wa ugenini, kila Jumamosi yeye hunyoosha sampuli za vitambaa ninazoleta kutoka soko la Zhongda. Ana miaka kumi na miwili na mkono mzuri. Siku hiyo aliona mezani karatasi nzito, nyeupe, iliyojaa mikunjo. Akadhani anasaidia.

Haikuwa mikunjo. Dada yangu Judica anasoma chuo kikuu historia ya Wagiriki wa kale. Karatasi kama ile huloweshwa, ikapigwa kwa brashi juu ya jiwe lenye maandishi. Ikikauka, inabaki na umbo la herufi. Jiwe lenyewe, la kaburi la mtoto, lilivunjwa zamani likachomwa kutengeneza chokaa. Karatasi ndiyo iliyobaki, na profesa wake alikuwa amemwazima Judica jana yake tu.

Mstari wa mwisho ulilala bapa chini ya pasi. Bertila akaulowesha, akatokeza herufi nyingine kwa ncha ya peni iliyoisha wino, akiiga za mstari wa juu, ambao kumbe ulikuwa na jina la baba wa mtoto yule.

Jioni Judica akapiga kelele. "Kaka Geofrey, njoo! Mtoto wa kaburini alipewa jina la baba yake! Hili naliandika kesho!"

"Wewe na mawe yako," nikamwambia. "Ugali unapoa."

Bertila hakula. Machozi yakamtoka. "Shangazi, usiandike. Hilo jina nimelitengeneza mimi."

Akaeleza yote. Judica akaisogeza karatasi kwenye taa, akaufuata mstari ule kwa kidole, mpaka nikaona aibu kutafuna.

"Nilidhani ni herufi tu," Bertila akasema.

"Fundi pasi wangu," Judica akamvuta karibu. "Jiwe likimeguka, sisi tunaacha pengo, na tunaonyesha kwamba ni pengo. Atakayekuja atajua kwamba hatujui. Ukilijaza kimyakimya, unamdanganya yeye na wote atakaowafundisha. Pasi ilikuwa bahati mbaya. Peni ndiyo kosa."

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa profesa. Aligomba hasa. Kisha Bertila akamwonyesha herufi zake moja moja, naye profesa akaandika pembeni kwamba mstari ule hausomeki.

Hasara ni hii. Judica haruhusiwi tena kupeleka karatasi kama zile nyumbani. Herufi saba zimefutika. Zilikuwa jina la mtoto, na hatujui kama liliandikwa mahali pengine.