Sikukupenda Ukiwa Umelala

"Halo! Mikumi? Nipeni Lupakisyo! Yule mrefu, yuko hapo kwa daktari wa usingizi!"

Anastazia aliikamata simu ya posta ya Kilosa kwa mikono miwili kama anayemkamata kuku. Foleni nyuma yake ilinyamaza ili ipate kusikia vizuri.

"Anastazia? Umejuaje niko huku?"

"Zombo nzima inajua! Uliniaga unakwenda kununua jembe. Jembe gani linauzwa kwa sindano?"

"Nilitaka nipone kwanza, ndipo nikwambie."

"Wamekuchoma nini?"

"Dawa ya majaribio. Wanaiita peptaidi. Ni vipande vidogo sana vya protini. Daktari anasema kwao Ulaya waliipata kwenye damu ya sungura aliyelala. Sasa wanataka kujua kama itampa mtu usingizi mzito."

"Damu ya sungura?"

"Mwambie sungura analala macho wazi!" mzee mmoja akadakia kwenye foleni. Watu wakacheka. Anastazia hakucheka.

"Lupa, kama wenyewe hawajui, kwa nini wajifunzie kwako?"

Lupakisyo alishusha sauti.

"Kwa sababu ya baba yako. Kesho nachomwa ya pili. Nikilala kama watu wengine, atanipa mke."

Simu ikakatika.

Mzee Cleopa, baba yake Anastazia, alikuwa amewarudisha washenga mlangoni. "Binti yangu simpi mtu asiyelala," aliwaambia. "Kijiji kizima kinakoroma, yeye macho kodo. Huyo kama si mwanga ni nani?" Neno hilo lilizunguka Zombo upesi kuliko moto wa mbuga, na aliyekuwa akimsalimia Lupakisyo kwa mkono akaanza kumsalimia kwa mbali.

Kesho yake asubuhi Anastazia alipanda lori la pamba kwenda Mikumi. Njia nzima aliomba, midomo ikicheza. "Mungu wangu, maneno matamu sina. Nipe makali tu, na unishike nisimkate asiyehusika."

Alimkuta Lupakisyo kwenye nyumba aliyopanga daktari kando ya barabara kuu, amekaa benchi, shati limekunjwa mkono mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Nesi Regina, aliyekuwa akimtafsiria daktari mgeni, alishika bomba la sindano.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake. Naomba kumuuliza daktari, dawa hii inaponya?"

Regina akatafsiri. Daktari akajibu polepole, bila kuficha.

"Anasema hajui bado. Ndiyo maana ni majaribio. Wengine wanapewa dawa, wengine maji ya chumvi, na hakuna anayeambiwa amepewa nini."

"Na ikimdhuru?"

"Anasema wanamwangalia."

"Nami nimekuja kumwangalia."

"Anastazia, tafadhali!" Lupakisyo akasimama. "Wewe unaitwa mwanga? Ni mimi! Dada, nichome nikaoe!"

Regina hakumchoma. Alikuwa anayatazama yale macho.

"Kaka, ulisema kazi yako ni nini?"

"Mkulima."

"Na usiku?"

"Usiku sifanyi kazi. Nalinda tu mahindi ya kijiji, nguruwe pori wasiyamalize."

"Kila usiku?"

"Tangu tulipohamishiwa kijijini. Sina mke wala mtoto, wakasema niende mimi."

"Na asubuhi?"

"Nakwenda kulima na wenzangu. Kulinda si kazi, dada, unakaa tu juu ya dungu."

Hivyo ndivyo Zombo walivyohesabu. Kazi ilikuwa jembe, na aliyekesha kwenye kile kibanda cha miti akigonga debe alionekana amepumzika. Lupakisyo mwenyewe aliamini hivyo hata hakukumbuka kumwambia daktari.

Regina alipotafsiri, daktari alivua miwani, akakiweka kichupa cha dawa ndani ya kasha.

"Anasema wewe humo kwenye majaribio yake. Anatafuta watu ambao usingizi umewakimbia. Wewe umenyimwa."

Lupakisyo akaketi kwa kishindo. "Basi nimemkosa mke."

"Nani kakwambia?" Anastazia alimshusha mkono wa shati, akamfunga kifungo. "Mimi sikukupenda ukiwa umelala. Nilikupenda ukiwa macho, na macho hayohayo mekundu. Twende nyumbani."

Mkutano wa kijiji ulipokuwa unakaribia kufungwa, Anastazia alinyoosha mkono.

"Ndugu mwenyekiti, kuanzia leo Lupakisyo halindi."

Mwenyekiti Kondo akatabasamu. "Ndugu Anastazia, nani atalinda? Au tuwapigie kura nguruwe wasije?"

"Anastazia, kaa chini!" Mzee Cleopa alifoka.

"Nitakaa baba, nikimaliza. Mnamwita mwanga. Ni mwanga gani huyo anayetumwa na uongozi wa kijiji na kupewa debe?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa chenyewe.

"Hajawahi kulalamika," Kondo alisema.

"Alalamike kwa nani? Mchana yuko nanyi jembeni, usiku mnakoroma! Kila nyumba iwe na zamu yake. Leo naanza mimi."

"Mwanamke juu ya dungu!"

"Nguruwe haulizi anayegonga debe amevaa suruali au kanga!"

Shangazi yake, Magreti, akasimama akijikung'uta vumbi. "Mimi naenda naye. Na zamu ya wanaume ianze na mwenyekiti, tumwone naye asubuhi macho yake yana rangi gani."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kondo akainua mikono. "Haya, haya! Iwe zamu."

Nyumbani, Mzee Cleopa hakumtazama binti yake. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Baba, kama nimekosa adabu kwa kukukatalia, napiga magoti." Akapiga kweli. "Lakini kwa nililolisema, sipigi."

Mzee alitoka nje. Hata hivyo, zamu ya nyumba yao ilipofika, alikwenda mwenyewe, na asubuhi alisinzia na kijiko cha uji mkononi. Magreti alimwona, akamcheka hadi machozi. Siku iliyofuata mzee alituma neno kwamba washenga wanaweza kurudi, na kijana aje naye amwone.

Walikuja mchana, wakaketi mkekani. Lupakisyo alikaa pembeni kwa heshima, mgongo ukutani. Mshenga alikuwa mtu wa maneno mengi. Alianza na salamu, akaingia kwenye ukoo, na alipofika kwa mababu, sauti nyingine ilisikika chumbani, nzito, kama lori linapanda mlima.

Lupakisyo alikuwa anakoroma.

Mshenga aliona aibu, akanyoosha mkono amtikise.

"Mwache!" Anastazia alitokea mlangoni na sinia la chakula. "Atakayemwamsha atanioa yeye!"

Kama ile sindano moja ya Mikumi ilikuwa dawa au maji ya chumvi, Lupakisyo hakuambiwa kamwe. Mzee Cleopa aliinuka, akainama karibu na uso wa yule kijana, akamsikiliza kwa muda. Kisha akarudi mahali pake, akakunja miguu.

"Tuendelee na mahari," alisema. "Ila semeni taratibu. Mkwe wangu amelala."