Shali ya Kumwitia Mbweha

Ilikuwa siku ya mshahara na duka la picha lilifurika watu. Fundi saa aliyesimama nyuma ya msusi kwenye foleni hakuona haya kuchungulia simu ya dada huyo.

"Huyo ni mbweha au gunia, dada?"

Msusi akacheka, maana picha kweli ilikuwa ya kusikitisha. Kila asubuhi akitembea kunyoosha miguu, mbweha wa korongoni humkimbia kabla hajainua simu. Fundi saa, nadhifu katika shati lililopigwa pasi likanyooka, akajigamba kwamba yeye angemfikisha karibu na mbweha huyo. Wakapeana namba, na wiki hiyo simu hazikupumzika. Kufikia Jumapili, "dada" ilikwisha kuwa "mpenzi".

Asubuhi ya miadi yao korongoni fundi saa alimletea shali ya kijani, akamtandia mabegani mwenyewe. Shali ilinukia mafuta ya nywele ambayo msusi hakuyatumia saluni kwake. Mbweha akatoka kichakani, akainusa ncha ya shali, akalala miguuni pa msusi. Msusi akampiga picha hadi roho ikaridhika.

Siku chache baadaye dada yake fundi saa alikuja kusukwa, akaiona shali ukutani, akaishika ncha.

"Hiyo ni ya marehemu wifi yangu," alisema. "Mbweha wa korongoni, yeye ndiye aliyemlea."

Msusi akaacha kupokea simu. Haukuwa wivu, maana nani amwonee wivu marehemu? Ila akijitazama kwenye kioo, alihisi kuna mtu nyuma yake. Aliogopa, na bado alimpenda yule bwana. Ndiyo maana siku moja akapokea.

"Njoo korongoni, mpenzi," fundi saa alimwambia. "Nina neno, tena la heri. Uje na shali."

Akaenda nayo mabegani. Mbweha alikuwa amekwisha kulala miguuni pa msusi, ndipo fundi saa aliposema anataka kumwoa.

"Umwoe nani?"

"Wewe."

Msusi akaivua shali, akamkabidhi. Mbweha akamnusa msusi mkono, akarudi nyuma, akatokomea.

"Basi niambie tena," msusi alisema.

Fundi saa akamtazama usoni. Akajifunika uso kwa shali, akalia.

Msusi akamshika bega, akamsubiri anyamaze. Hakunyamaza. Akaondoka kwa kunyata, machozi yakimtoka, na alipofika juu ya korongo akageuka. Mbweha alikuwa amerudi, amelala miguuni pa wale wawili, fundi saa na marehemu mkewe.